Kaunta buku zangu tatu: barua ya wazi kwa wanaosimamia udaktari wa wanyama

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, kwa Baraza la Veterinari, kwa walimu wetu wa Morogoro, na kwa wamiliki wa kliniki za wanyama hapa Dar es Salaam.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni daktari wa wanyama. Mtaani naitwa dokta wa mbwa, jina nililokwisha kulizoea hata pale linapotamkwa na mtu anayetafuta kucheka. Nina miaka 11 kazini, yote kwenye kliniki za mbwa na paka. Zimekuwa mbili kwa jumla, zote upande wa Kinondoni na zote ndogo: sebule imegeuzwa mapokezi, chumba cha kulala kimekuwa cha kuonea wagonjwa, na jiko la mtu ndilo chumba cha upasuaji. Vigae vya jikoni vinasafishika vizuri, msicheke.

Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa kazi mahali fulani. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, akaniuliza, "Sasa dokta, tangu uhitimu umefika daraja gani?"

"Mimi ni daktari wa kliniki, mama."

"Ndiyo mwanangu. Daraja gani?"

Sikuwa na jibu, nikafungua begi. Mle mlikuwa na kaunta buku tatu. Tangu wiki yangu ya kwanza kazini naandika kila mnyama niliyemchoma dawa ya usingizi au niliyempasua: tarehe, uzito, dawa na kipimo chake, nilichokikuta ndani, nilichokifanya, nani alinishikia, na kama mgonjwa alirudi kwao. Waliokufa nimewaandika kwa wino mwekundu, na chini yake nimeandika ninapodhani nilikosea. Hakuna aliyenituma. Nilianza kwa woga, baadaye ikawa tabia.

Yule mama alizifunua kwa heshima kabisa. Alisoma ukurasa mmoja mzima, akaguna, kisha akazirudisha mbele yangu. "Umejitahidi sana," akasema, "lakini hizi hatuna pa kuziweka."

Kazi sikuipata, na kinyongo sina, maana alichosema ni kweli tupu. Siwaandikii kulalamikia usaili. Nawaandikia kuomba pa kuziweka.

Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja Morogoro aliajiriwa halmashauri, mbali huko magharibi. Aliingia akiwa Daktari wa Mifugo Daraja la II, akapanda Daraja la I, na leo anasubiri barua ya Mwandamizi. Barua huchelewa, vyeo hukwama, yote nayajua kwa kuwa hunipigia simu kunisimulia kwa kirefu. Lakini ngazi ipo, naye anajua amesimama kwenye kipago cha ngapi. Mimi siku ya kwanza niliitwa dokta na leo naitwa dokta. Kijana aliyehitimu juzi tukimwajiri kesho, kesho hiyohiyo ataitwa dokta, atasimama kwenye meza ileile, na mteja hatakuwa na namna ya kujua nani kati yetu ameshafungua matumbo mia ngapi.

Mdogo wangu amesoma udaktari wa binadamu. Alipomaliza alikaa mwaka mzima wa intanship, akihamishwa wodi kwa wodi chini ya macho ya waliomtangulia. Mimi nilikabidhiwa koti na funguo za kliniki.

Nieleweke hapa: siwasemi vibaya walimu wangu. Shahada yetu pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni ya miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo mtu mmoja anafundishwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, samaki, wanyamapori, ukaguzi wa nyama na maabara, halafu mbwa na paka humohumo. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga ratiba, ng'ombe wangetangulia vilevile. Ila ng'ombe haletwi Mbezi kwa bajaji saa tatu usiku akiwa amefunikwa khanga.

Aliyeletwa hivyo alikuwa jike la mbwa, miaka saba, nami nina miezi miwili tu kazini. Mwenye kliniki alikuwa safarini. Mbwa anakunywa maji bila kukoma, chakula hagusi, tumbo limetuna, na siku zake za kutaka dume zilipita kama wiki sita nyuma. Hiyo kila aliyesoma anaitambua: usaha kwenye mji wa mimba. Kutambua hakukunisaidia sana. Nilipofungua nilikuta mji wa mimba mnene kama mkono wangu, umejaa, unateleza, wakati niliyowahi kuitoa kabla ya hapo ilikuwa ya mbwa wazima, myembamba kama kalamu. Uzi niliofunga upande wa kulia ukaponyoka. Damu ikajaa tumboni huku natazama. Aliyekuwa ananishikia, kijana wa stashahada ambaye nitamrudia hapo mbele, akasema taratibu, "Dokta, ongeza kidonda, usitafute kwa kupapasa." Nikaongeza. Nikauona mshipa, nikaubana. Mbwa alipona, na wiki iliyofuata mwenyewe akatuletea mkungu wa ndizi.

Usiku ule niliandika kurasa tatu. Wa pili mwenye ugonjwa huohuo niliandika ukurasa mmoja. Siku hizi ni mistari sita, na juzi nimehesabu: wamefika 63. Kilichobadilika kati ya yule wa kwanza na huyu wa 63 si mikono peke yake. Sasa najua yupi wa kupasuliwa usiku huuhuu, na yupi wa kuwekewa dripu kwanza hadi alfajiri kwa sababu nusu kaputi itamuua kabla ya kisu. Kujua huko hakuna mtihani uliokipima na hakuna cheti kinachokitaja.

Kaunta zimejaa mambo ya aina hiyo. Homa ya kupe: fizi zimepauka, pua inavuja damu, mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake hana kupe kwa kuwa huogeshwa kila Jumamosi. Dawa yake ni doxycycline ya wiki nne, na nimejifunza kwamba wengi wanaacha siku mbwa anapoanza kula ugali, kwa hiyo sasa natoa dawa kwa awamu ili warudi. Uvimbe wa sehemu za siri, ule ambao mbwa huambukizana wakipandana: unaonekana wa kutisha, lakini kwa wengi unayeyuka kwa sindano za vincristine za kila wiki, mradi anayechoma avae glavu, maana dawa hiyo ni hatari kwake yeye pia. Paka dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga bila kukojoa: huyo njia ya mkojo imeziba, usimwambie mtu amlete kesho. Parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu wa watoto wa mbwa, naijua kwa harufu kabla boksi halijafunguliwa, nikavaa aproni nyingine ili nisiibebe mpaka kwa watoto wa mbwa waliokuja kuchanjwa. Funza wa nzi wa embe wala siwahesabu.

Mimi si wa ajabu. Wako wenzangu Tegeta, Mikocheni na Kigamboni wanaojua kuliko mimi. Shida ni wanakoishia.

Tulipomaliza tulikuwa marafiki saba tuliotaka kazi ya mbwa na paka. Mmoja anauza dawa za mifugo kwa kampuni, ana gari na posho ya mafuta. Mmoja amefungua agroveti, anauza chakula cha kuku, na siku hizi hata sindano hachomi. Mmoja yuko kwenye kampuni ya vifaranga. Mmoja yuko kwenye mradi wa utafiti wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu, kazi nzuri, ila mradi una mwisho wake. Mmoja alifanya shahada ya uzamili na hakurudi kwenye meza ya upasuaji. Mmoja yuko ughaibuni anarudia mitihani ili atambuliwe kule. Nimebaki mimi. Hakuna hata mmoja kati ya hao sita aliyeondoka kwa kuchoka mbwa. Kwetu sisi kupanda cheo maana yake ni kuaga.

Mshahara nao unasema. Kwangu mshahara wa mwaka wa 11 ni ule wa mwaka wa tatu pamoja na nauli. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 yake, na hiyo ni haki yao, nilikopa mwenyewe. Lakini mwajiri wangu ataniongezea kwa kigezo gani? Sina karatasi inayomwambia kwamba mimi si yule wa miaka ile. Naye akipandisha bei ya upasuaji kwa sababu anayepasua ana uzoefu, mteja atamuuliza uzoefu huo umeandikwa wapi.

Kuna atakayesema haya ni matatizo ya wenye mbwa wa kizungu wa Masaki, serikali ina kazi kubwa zaidi. Naomba nimsimulie jambo moja.

Miaka minne iliyopita aliletwa mbwa wa kienyeji, mlinzi wa uwanja wa matofali. Taya la chini limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, mpole kupita kiasi. Mwenyewe akasema, "Amekwamwa na mfupa, dokta." Daktari wetu kijana, aliyekuwa na miezi minne tangu ahitimu, alikuwa tayari ameinamisha taa, mkono mmoja unakwenda kinywani. Nilimdaka kifundo cha mkono. Si kila kichaa cha mbwa kinakuja kwa kubweka na kung'ata. Kipo kinachokuja kimyakimya hivyo, na sura yake ni ya mbwa aliyekwamwa na mfupa. Mbwa alifariki siku ya tatu, kichwa kikapelekwa maabara, majibu yakarudi kuwa ni kichaa. Kijana, mimi, mwenye mbwa na vibarua wawili wa uwanjani tulikwenda kuchanjwa.

Ugonjwa huo dalili zikishaonekana kwa mtu hauna tiba, na karibu wote wanaoupata hapa duniani, hadi asilimia 99, huupata kwa mbwa. Kila tarehe 28 Septemba tunavaa fulana na kuchanja viwanjani, jambo jema, na mimi hushiriki. Siku nyingine zote za mwaka, mtu wa kwanza kumwona mbwa yule ni daktari wa kliniki ndogo. Tukiendelea na utaratibu wa kila mwenye uzoefu kuondoka, mezani daima atakuwapo mwenye miezi minne. Yule kijana, kwa taarifa yenu, naye ameshaaga. Yuko kwenye mauzo.

Sasa nimrudie yule aliyeniambia niongeze kidonda. Ana stashahada ya LITA, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa. Kupata mshipa wa mtoto wa paka aliyeishiwa maji, kumwingiza mbwa mpira wa kupumulia, kusikiliza pumzi ikibadilika wakati mimi macho yangu yako tumboni: hayo ameniacha mbali. Barua yake ya ajira inamtaja kuwa "msaidizi". Akiomba kazi kwingine atatafutiwa nafasi ya kusimamia majosho, ambako huo ujuzi wote hauna kazi. Kwenye hospitali za binadamu mtu wa namna yake ana jina, ana sare, na wapo waliosomea nusu kaputi peke yake. Nikiomba ngazi kwa ajili yangu nikamsahau yeye, nitakuwa mwizi wa fadhila.

Ombi lenyewe si kubwa. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 imeshaunda Baraza, na Baraza linasajili madaktari, linaandikisha wataalamu wasaidizi na linasajili vituo. Rejista ipo. Naomba safu moja zaidi.

Baraza litoe daftari la kazi lenye namba na kurasa zilizohesabiwa. Daktari anayeingia kliniki ya wanyama wadogo alijaze kama nilivyojaza mimi, kwa tofauti moja tu: kila ukurasa usainiwe na daktari aliyemtangulia, mwenye namba yake ya usajili, anayebeba lawama ikigundulika ni uongo. Pawekwe idadi ya chini ya kazi za kila aina, ikiwemo kazi zilizoharibika na maelezo yake. Nasisitiza hizo zilizoharibika. Daftari lisilo na wino mwekundu msilipokee. Baada ya miaka kadhaa daftari lipelekwe mbele ya jopo, mtu aulizwe kurasa zake mwenyewe: hapa kwa nini ulichagua dawa hii, huyu kwa nini hukumpasua. Akipita, jina lake liandikwe daraja. Majina ya madaraja wala msihangaike kuyabuni, yako serikalini: la II, la I, Mwandamizi. Wa stashahada nao wawe na daftari lao na madaraja yao.

Siombi ubingwa. Najua wenzetu wamefika wapi. Marekani anayetaka kuwa bingwa hufanya mwaka mmoja wa mazoezi, kisha mara nyingi mitatu mingine chini ya mabingwa, ndipo akae mtihani wa bodi. Onderstepoort, kitivo cha Chuo Kikuu cha Pretoria kule Afrika Kusini, kinafundisha madaktari wa wanyama tangu 1920, na mabingwa wanatoka pale. Hayo yanataka hospitali za rufaa, mashine na walimu, na yatakuja kwa wakati wake. Ninachokitamani ni kile Waingereza walichokiweka katikati: daraja la daktari ambaye si bingwa lakini ameshathibitisha kwamba eneo fulani analimudu kuliko mhitimu wa kawaida. Kwa nchi yenye kliniki za majikoni, hapo katikati ndipo penye faida.

Masomo nayo yasogezwe. Kuacha kazi miaka miwili kwenda Morogoro kwa shahada ya uzamili mimi siwezi, nina kodi ya nyumba na mtoto wa darasa la nne. Lakini Temeke kuna kampasi ya LITA, na makao makuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari yako Temeke hiyohiyo. Daladala likifika hapo konda huita "Vetenari! Vetenari!" na abiria hushuka bila kujiuliza neno hilo lilifikaje kwenye daladala. Mahali pamepewa hata jina letu. Jumamosi mbili kwa mwezi, mwalimu mmoja kutoka Morogoro, daktari mmoja wa siku nyingi wa hapa mjini, na vioo vya damu vya kutazama kwa hadubini tulivyokusanya wenyewe wiki hiyo. Ada tutalipa. Wengi wetu tunalipa tayari kwa masomo ya mtandaoni ya watu wa mbali, ambayo mbwa wake hawajui kupe wetu.

Kwa wenye kliniki nina neno la pembeni. Najua mnachowaza, kwa sababu bosi wangu wa kwanza alinitamkia wazi: nikikulea ukaiva, utafungua yako mtaa wa pili. Ni kweli, baadhi watafungua. Lakini sasa hivi hamwalei na bado wanaondoka, tena hawafungui mtaa wa pili, wanaiacha fani kabisa, na kila mwaka mnaanza upya na mgeni asiyejua hata glavu za saizi yake. Kliniki itakayotambuliwa kuwa mahali pa kujazia daftari itapata vijana wa kuchagua. Mkiona aibu kusaini kurasa za mtu kwa sababu nanyi hamjawahi kupimwa, hilo tuliseme tu hadharani. Hata mimi nitaogopa.

Hapo ndipo penye ugumu wa kweli, na sitaki kuuficha. Nani atampima mpimaji wa kwanza? Wazee wetu wa kliniki, waliofanya kazi hii tangu mjini hakuna eksirei ya wanyama hata moja, hawana daftari wala daraja. Mimi ningesema jopo la kwanza liwe la walimu wa Morogoro wakishirikiana na wazee hao, wapokelewe kwa kazi yao inayojulikana, na baada ya hapo mlango huo ufungwe, kila anayefuata apite kwenye kurasa. Kutakuwa na manung'uniko. Mnao uzoefu wa kukaa na manung'uniko kuliko mimi.

Kaunta ya tatu imebakiza kurasa 22. Nimetoa kivuli cha kurasa zote za nyuma, majina na simu za wateja nimezifunika kwa karatasi. Mkinihitaji nitazileta popote, wizarani Mtumba kule Dodoma, Morogoro au hapo Vetenari, na yule mwenzangu wa stashahada amekubali kuja nami aeleze upande wake. Siku yoyote isipokuwa Jumatano. Jumatano ni siku yetu ya kufunga vizazi, na wiki ijayo tayari kuna paka tisa kwenye orodha.

Wenu katika kazi,

Dokta wa mbwa
Mbezi, Dar es Salaam